Kadi Iliyovuka Chini ya Sambaza

Munanisumbua na habari ya ile mashini kama vile ni miye niliyeitengeneza. Kalamu inaniumiza vidole, na asiyependa mwandiko wangu asisome. Haya.

Mashini ilikuwa kompyuta ya Muhigirwa, hapa Kamembe, miaka ya themanini. Nyingine za siku zile zilifungwa kama kopo la maziwa. Hii ilifunuliwa kama sanduku la bibi arusi, na ndani mlikuwa na matundu yamepangwa mstari. Ukipachika kadi, inapata akili mpya: hii ya kuchapa, hii ya kukumbuka. Muhigirwa aliifungulia duka la kuandika mialiko ya harusi pamoja na Mukengere, rafiki yake, baba wa ubatizo wa mtoto wake. Lakini mwaliko ukirefuka, mashini inagoma. Ilitaka kadi nyingine ya kumbukumbu, na kadi iko Bukavu, Kongo, ng'ambo ya daraja la mpaka.

Akatumwa Nabintu, mke wa Muhigirwa. Mwanamke wa kuvuka daraja hafundishwi kuficha kitu. Aliitia kadi ndani ya mfuko, akaizika chini ya beseni la sambaza mbichi, vile visamaki vya ziwa, maana nani wa forodha atachovya mkono mule? Akavuka akiringa. Kufika nyumbani, mfuko umevuja. Akaipangusa kadi na kitenge, akainusa, akaikabidhi bila kutaja samaki.

Mukengere ndiye aliyeipachika. Moshi ukatoka, mashini ikazimika.

“Uliipachika umeme ukiwa ndani!” Muhigirwa akafoka.

“Niliutoa, ndugu yangu. Hii harufu ni ya samaki, hausikii?”

“Samaki! Kesho utasema mashini imekula ugali.”

Bantu wa mlangoni wakacheka. Nabintu naye akacheka, huku amekikunja kile kitenge kwapani.

Urafiki ukavunjika pamoja na duka. Mukengere akahamia Nkanka, kando ya ziwa, akawa mvuvi. Nabintu alipokwenda kununua sambaza kwake, kila mara aliongezewa konzi moja ya matabishi, ile ya bure, “ya mtoto wangu wa ubatizo.” Konzi ile haikupita kooni. Alimpa paka wa jirani, mpaka paka akanenepa kuliko batoto.

Siku moja akairudisha ile konzi palepale.

“Papa Mukengere, usiniongezee. Ile kadi niliivusha chini ya sambaza. Ililowana.”

Mukengere akafukuza nzi kwanza. “Nilijua, Maman. Hii pua si ya kuazima. Lakini miye nikimwambia bwana yako, atasema ninamchongea bibi yake.”

Nabintu akarudi, akaweka beseni juu ya mashini iliyokufa, mbele ya mume wake. “Ile kadi niliibeba humu.”

Muhigirwa akaangalia beseni, akaangalia mashini. Hakumgombeza, afadhali angemgombeza. Alivaa viatu, akashika njia ya Nkanka. Nabintu akabaki anasugua beseni lililokwisha kutakata.

Walirudi wawili. Sasa ni wazee, na Jumapili wanaifunua ile mashini, wanabishania tundu lililo tupu. Nabintu anawaletea chai. Mule ndani haangalii.

Na weye uliyenidai habari, mwenye simu ya kutafuta vitu vya dunia nzima: tafuta kadi ya tundu lile, uilete Kamembe. Na uilete kavu.