Sanda Zilizoitwa za Ulanguzi

Saa moja asubuhi, barazani mwa duka moja mjini Bunda, Nyangi Masatu anafumua kola ya shati iliyochakaa, anaigeuza, anaishona upya. Siku hizi kazi ya fundi ndiyo hiyo, kola na viraka. Kitambaa kipya? Thubutu! Mwaka huu wa 1985 hukipati ila kwa mgao wa serikali, na mgao wenyewe watu huusikia kwa jirani.

"Pamba tunalima sisi, na viraka tunavaa sisi," anasema mjane huyu bila kuinua kichwa. Amechoka, wala haoni haya kulisema.

Kilichomchosha ni sanduku lake la bati. Wanawake wa chama chao cha kuzikana walikuwa wakinunua bafta nyeupe kidogo kidogo, kila mmoja sanda yake. Lakini nani alale nyumba moja na sanda yake mwenyewe? Wao wanasema huko ni kujiitia kifo. Basi wakampelekea Nyangi zote.

"Mimi nilikuwaga siogopi. Nikawaambia, leteni."

Ukaja msako wa walanguzi, mwaka 1983. Wakaguzi wakafungua sanduku, wakaona kitambaa cha kujaza duka. Nyangi akalala mahabusu. Aliachiwa bila kushtakiwa, ila bafta haikurudi, na jina la mlanguzi limemganda hadi leo.

Mwezi uliopita alikwenda Musoma kwa wakili mmoja, Leodgar.

"Mama, Katiba sasa inalinda mali ya mtu," wakili alimwambia. "Tunaweza kupinga. Ila mahakama hazitasikiliza kesi za haki hizo mpaka mwaka themanini na nane."

"Mwanangu, kwani wafu wanangojaga?"

Aliuliza kwa sababu ya Tereza, mkubwa wao chamani, ambaye sasa hanyanyuki kitandani. Kila Nyangi akienda kumjulia hali, bibi huyo huuliza jambo moja tu: bafta yangu imerudi?

Jana ilimbidi amweleze ukweli: bafta haijarudi, na kesi ni ya kungoja miaka mitatu. Alitegemea kilio. Tereza akacheka hadi akakohoa.

"Niandikisheni na mimi kwenye kesi," akasema. "Siku ikifika, mwambie hakimu kuna marehemu anadai nguo yake."

Nyangi anasimulia huku akicheka, mara machozi yanamtoka. Mwaka huo ukifika, anasema, atakwenda Musoma hata kwa miguu, na jina la Tereza ndilo atakalolitaja kwanza.