App ya wajawazito ilimsalimia mke wa mjukuu wangu, naye akaijibu kwa adabu

Vijana wa humu ndani, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa, maana najua wengi hamtazitoa. Marahaba. Wakuu wengine, na nyie habari zenu.

Mimi ni bibi wa Kabuku, Handeni. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona herufi imekaa vibaya ipiteni, msinisahihishe. Nachapa mwenyewe kwa kidole gumba.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Wahusika wote wako hai, na mmoja ananichungulia begani sasa hivi anaomba nisimtaje jina.

Anaitwa Rajabu. Ni mjukuu wangu, anauza machungwa kwa abiria wa mabasi hapo barabarani. Mkewe ni Zaina, Mshambaa wa Vugiri, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza.

Zaina ana adabu mpaka inachosha. Akikusalimia atakuuliza ulivyolala, watoto, mbuzi, mvua ya upande wenu, chai inapoa.

Basi wakaja watu wa mradi. Fulana zinafanana, vitambulisho vinaning'inia shingoni. Wakatukusanya, wakasema wametuletea app ya wajawazito, tena ni yuza frendli.

Nikauliza ndiyo nini hiyo?

Wakasema ni rafiki kwa mtumiaji, hata asiyejua kusoma anaiweza.

Sikuamini. Maana wenzao walishaleta vishikwambi shuleni. Kitukuu changu akibonyeza jibu, kikatuni kinapiga makofi. Akibonyeza jibu jingine, makofi. Mtoto akarudi nyumbani amefaulu kila kitu, na saba mara nane haijui mpaka leo.

Sasa hiyo ya wajawazito ilikuwa hivi. Kila asubuhi simu inaita, kisha inasikika sauti ya dada mmoja laini kama aliyekunywa asali: "Habari ya asubuhi, mama? Unaendeleaje leo?"

Zinatokea sura mbili. Ya kijani inacheka, nyekundu imenuna. Ukibonyeza ya kijani linachanua ua, dada anasema "Hongera mama, endelea hivyo hivyo!" na kazi imekwisha.

Rajabu aliipenda kuliko mwenye mimba. Akaona hata kliniki ya mwezi ule inaweza kusubiri, kwani simu si inamwangalia mkewe kila siku? Akawa anawaonyesha wenzake maua ya mkewe kule kwenye machungwa.

Mimi haya ya kliniki sikuyajua. Nilikuwa nimekwenda Korogwe ya Zamani kwa binti yangu, nikakaa huko.

Siku niliyorudi, Zaina akatoka kunipokea begi. Nikaangalia miguu. Kandambili zimezama kwenye nyama, hata mikanda huioni. Uso umevimba kama mtu aliyelia wiki nzima.

Nikamuuliza, "Habari za hapa, mama?"

"Nzuri, Bibi. Shikamoo. Habari za Korogwe? Shangazi hajambo? Safari je?"

Nikaitikia marahaba, nikajibu yote. Kisha nikakaa kimya.

Vijana, hapa ndipo penye jambo lenyewe, msipite mbio. Huku kwetu mtu hata akiwa na maiti ndani, ukimuuliza habari atakwambia nzuri. Hakudanganyi, anakupokea. Ukitaka habari yenyewe unanyamaza kidogo, naye ataanza: "Ila..."

Zaina akaangalia chini. "Ila kichwa, Bibi. Kinaniuma tangu majuzi, hakiachi. Na nikiinuka naona kama vimulimuli."

"Umemwambia nani?"

"Simu inaniuliza kila asubuhi."

"Ukaijibu nini?"

"Nzuri."

"Zaina! Kwa nini?"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyepungukiwa. "Bibi, si imenisalimia? Mtu anakusalimia asubuhi, utaanzaje kumtupia maradhi usoni? Nilikuwa nasubiri iulize tena."

Haikuuliza tena. Ilichanua ua, ikalala.

Nikamwita Rajabu. Akaja na simu mkononi. "Bibi, usimtie hofu. Hebu ona hapa, wiki nzima ni kijani."

"Mkeo ana rangi ya kijani?"

"Lakini mfumo..."

"Nenda kwa jirani ulete gari. Huo mfumo utanieleza ukirudi."

Najua mnacheka. Mimi sikucheka. Mama mdogo wangu alikwenda kwa vimulimuli hivyohivyo, yeye na mtoto tumboni, na wakati ule hakukuwa na app ya kuisingizia.

Pale kituo cha afya nesi alifunga ule mpira mkononi, akapima presha. Akapima tena. Uso wake ukabadilika, akaacha kuzungumza na sisi akaanza kuzungumza na simu. Sindano, kisha gari la wagonjwa, kwenda hospitali Korogwe.

Nilikaa pembeni ya Zaina njia nzima mpaka Segera na kuendelea. King'ora kinalia, chupa ya dripu inacheza, macho yake yanakwenda juu. Nesi akamwinamia: "Mama, unanisikia? Unajisikiaje?"

Zaina, kwa sauti ya mbali kabisa: "Nzuri, sista."

Nikataka kumzaba kibao.

Walimpasua jioni ileile. Mtoto wa kike, mdogo kama kuku aliyenyonyolewa, lakini analia kwa hasira. Hiyo hasira nikaipenda. Zaina yeye alikaa hajijui, nasi tunasubiri nje. Kulipokucha simu ya Zaina ikaita mfukoni mwa Rajabu: "Habari ya asubuhi, mama?"

Rajabu aliizima kwa mikono miwili.

Mama alizinduka. Mtoto alifungwa kifuani kwa mamaye mpaka akapata nyama. Wote wako hapa nyumbani, mmoja analia na mwingine anapika.

Baada ya muda akaja binti wa mradi, kuuliza kwa nini Zaina ameacha kujibu. Nikampa kigoda. Akasikiliza yote, kisha akasema, "Bibi, pole sana. Ila angebonyeza nyekundu hata mara moja, tungempigia siku hiyohiyo. Mfumo ulimuuliza."

"Ulimsalimia. Mliijaribu kwa nani app yenu?"

"Ofisini, Bibi. Dar."

"Kwa hiyo mlisalimiana wenyewe."

Akacheka kidogo, akavuta suruali ifunike goti. Nikaona damu.

Nikamwambia, "Mwanangu, ulipoingia hapa nilikuuliza habari za safari. Ulinijibu nini?"

Akaliziba goti kwa kiganja.

"Ulinijibu nini?"

"Nzuri, Bibi."

"Na hilo goti?"

"Bodaboda ilituangusha pale kwenye kona."

Basi. Zaina akaleta maji ya uvuguvugu na chumvi, akamwosha. Yule binti aliandika kwenye kishikwambi chake, akaniuliza app iulize nini. Nikamwambia isalimie, isubiri ijibiwe, kisha iulize kichwa, macho, miguu, kimoja kimoja, kama mtu mwenye shida ya kujua. Akasema atafikisha kwa timu.

Timu bado inafikishiwa.

Nilichojifunza mimi si kwamba simu ni mbaya. Ingekuwa mbaya nisingekuwa humu nawasumbua. Ila mtu akikwambia chombo chake ni rafiki, muulize: rafiki wa nani? Rafiki gani anauliza hujambo huku ameshageuza mgongo?

Mnaotengeneza hizi app najua mmejaa humu. Njooni hapa chini mjibu, na msiniandikie "bibi noma" halafu mkakimbia. Na wenye wake wajawazito, waambieni wenzenu mlivyoiona leo miguu yao, kama mmeiangalia.

Kwangu nimeshatoa amri, na Rajabu ndiye aliyeisikia kwa karibu zaidi. Kliniki hairukwi. Salamu ya simu haijibiwi na mtu yeyote mpaka apite kwanza mlangoni kwangu. Na nikimuuliza habari, kama anaumwa aanze na "ila". Hiyo "nzuri" nitaiona mwenyewe.