Kochi la Wageni

Fundi mmoja wa makochi aliolewa kwenye nyumba yenye kochi moja refu la kale, la kujinyoosha, lenye egemeo upande mmoja. Mama mkwe wake alilipangusa kila asubuhi, lakini hakuna aliyeruhusiwa kulilalia. "Hilo ni la wageni," alisema, na wajukuu wakajazana mkekani.

Bibi huyo alipovunjika nyonga, kitanda kilimshinda. Akilala chali anaumia, akikaa anachoka. Mkwewe, yule fundi, hakuomba ruhusa. Alibandua kitambaa kilichochakaa, akakaza mikanda iliyolegea, akajaza sufi mpya, kisha akalisogeza kochi karibu na dirisha.

"Umeniharibia kochi langu, mwanangu?"

"Nimelitengeneza, mama. Njoo ulijaribu."

"Na wageni je?"

"Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone? Basi safari hii mwenyeji apone kwanza."

Bibi akacheka mpaka akashika nyonga. Akajilaza taratibu, kama aliyeingia nyumba ya watu bila hodi, akanyoosha miguu.

"Kumbe ni tamu hivi!" alinong'ona. "Miaka arobaini nimejinyima bure."

Mkwewe akamvua kandambili, akamkanda nyayo mpaka usingizi ukamchukua.