Helmeti Iliyonikaa Sawasawa

Harufu ya mtumba uliofunguliwa sasa hivi hunirudisha Kamachumu, kwa shangazi yangu, hata leo nikipita sokoni. Ni harufu ya dawa ya nondo na vumbi la safari ndefu, na ndivyo ilivyonukia helmeti ya baiskeli aliyoniletea baba mdogo Elieza nilipokuwa na miaka sita. Ilikuwa nyekundu, ya kitoto, imetoka kwenye marobota ya nguo yaliyoletwa usharikani kwa watoto waliofiwa na baba zao. Baba yangu alirudi mzima kutoka vita vya Uganda, akaja kuuawa na ugonjwa ambao siku zile wakubwa waliutaja kwa kunong'ona. Kisha mama naye akalazwa hospitali mjini Bukoba, nami nikapelekwa huko Kamachumu kwa shangazi nimngoje apone. Kila asubuhi niliuliza habari zake, na kila asubuhi shangazi alinijibu kwamba anaendelea vizuri. Sikutaka kitu kingine duniani ila kumwona.

Basi baba mdogo alipotokea uani anaikokota baiskeli ya marehemu baba, akasema, "Koku mwanangu, nimekuja kukuchukua. Twende nyumbani kwa mama yako," nilirukaruka mpaka kuku wakatawanyika. Alikuwa mtu makini, na mgeni mmoja wa usharika alikuwa amemfundisha jinsi helmeti inavyopaswa kukaa. Alinikalisha kwenye kigoda, akanivisha, akaweka vidole viwili juu ya nyusi zangu kupima ukingo. Akanyoosha kamba pande zote mbili zikutane chini ya masikio. Akapitisha kidole kidevuni, akaniambia nipige mwayo, kisha nitikise kichwa. Helmeti ikalala upande kama sufuria lililokosa figa.

"Haikai," alisema bila kunitazama. "Nywele zinaisukuma. Tukinyoa itakaa."

Wembe, maji na sabuni vilikuja upesi mno. Shangazi alininyoa kipara kabisa, polepole, kisha akaziokota nywele zangu moja moja mpaka zile zilizoangukia kwenye nyasi, akazifunga katika jani la mgomba. Siku nyingine alizifagia tu. Nililiona hilo, lakini mtoto anayekwenda kwa mama yake ana muda gani wa kuuliza? Baba mdogo alinivisha tena. Nikatikisa kichwa kwa nguvu zangu zote na helmeti haikucheza hata kidogo. Nilimshukuru kwa kupiga magoti, kama nilivyofunzwa, na mpaka leo magoti yale yananiuma moyoni.

Tulisafiri kutwa nzima. Kwenye milima tulishuka tukatembea, kwenye miteremko nilimshika kiuno na kupiga kelele za furaha. Nilimweleza yote nitakayomwambia mama: jino lililong'oka, mbuzi wa shangazi aliyezaa mapacha, na jinsi nisivyokojoa tena kitandani. Alikuwa akiitikia tu, "Ee, Koku. Ee."

Jua lilikuwa linakaribia kuzama tulipoingia kijijini kwetu, upande wa Rubafu. Binamu zangu wote walikuwa uani, na vichwa vyao viling'aa, vimenyolewa kama changu. Nilifurahi kwa ajili yao. Nikageuka nikamuuliza baba mdogo, "Na wao wamepata helmeti?"

Hakuna aliyecheka. Binamu yangu Kemi, aliyenizidi mwaka mmoja tu, ndiye aliyenishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kibanja. Katikati ya migomba palikuwa na tuta la udongo ambao ulikuwa umeanza kukauka. "Mawe wako yupo hapa," aliniambia, akimtaja mama kwa Kihaya. "Tulimzika juzi. Leo ndiyo tumenyolewa." Kwetu wafiwa hunyolewa matanga yanapoanuliwa, na mimi, mtoto wake wa pekee, nilikuwa nimenyolewa msiba wa mama yangu huku nikicheka, ugenini, nikidhani ni kwa ajili ya baiskeli. Sikumwona. Sikutupa hata konzi moja ya udongo. Kila mtu alijua, hata Kemi, ila mimi.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza baba mdogo kwa nini. Akasema, "Mtoto anayelia hakai vizuri kwenye baiskeli. Ungeanguka, Koku. Na safari ilikuwa ndefu." Najua alisema kweli, na najua alinipenda. Sijamsamehe.

Mwezi uliopita nilikwenda dukani Bukoba kumnunulia binti yangu helmeti. Siku hizi zina kigurudumu kisogoni cha kukazia, lakini vidole viwili juu ya nyusi ni vilevile. Ile ya kwanza ilikwama kwenye mabutu yake. Muuza duka akaniambia kwa upole, "Mama, mnyoe kidogo tu, itamkaa." Nilimjibu hapana kwa ukali, akashtuka. Akaleta kubwa zaidi, tukapima, binti yangu akapiga mwayo na kutikisa kichwa.

"Mama, tunakwenda wapi?" aliuliza, macho yanang'aa.

Nilichuchumaa mbele yake. Nikamwambia tunakwenda Rubafu kupalilia kaburi la bibi yake, kwamba bibi alikufa zamani, kwamba hatutamkuta, na kwamba huenda mimi nitalia njiani. Nikangoja aelewe. Ndipo nikamfunga kamba.