Nafasi ya Uzamivu Niliyoikataa kwa Adabu

Nilipewa nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu, nikaikataa papo hapo.

Si kwamba sikuitaka. Niliitaka kuliko kitu chochote. Ndiyo maana nikakataa.

Usinicheke kwanza. Ngoja nikusimulie.

Naitwa Signe. Kwetu ni magharibi mwa jimbo la Minnesota, mahindi na soya mpaka macho yachoke. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uzamili ya uchumi wa kilimo, nimerudi nyumbani namsaidia baba shambani, huku nikijidanganya kwamba napumzika.

Siku hiyo chuo kilimleta Profesa Ruggiero kwenye ukumbi wa chini wa kanisa letu. Mtoto wa jiji, mzaliwa wa Brooklyn, mwanamke mfupi anayeongea kama anawahi treni. Utafiti wake ulihusu maendeleo vijijini: kwa nini wakulima wadogo wa huku hawachukui fidia ya ukame, wakati ni haki yao na fungu lipo?

Alitaka mwanafunzi wa uzamivu wa kumsaidia, mtu aliyekulia shambani huku huku. Ada na posho juu ya chuo.

Moyo wangu ukaanza kudunda kama trekta bovu.

Baada ya hotuba akanifuata nilipokuwa napanga sahani.

"Wewe ndiye Signe? Nimesoma tasnifu yako. Nafasi ni yako. Unaitaka?"

Nikajibu nilivyolelewa. "Aa, hapana Profesa, asante. Wapo wanaostahili zaidi yangu."

Nikainamisha kichwa, nikasubiri aulize tena.

"Sawa," akasema. "Naheshimu uamuzi wako."

Akaondoka!

Jamani, akaondoka kweli. Akachukua kahawa yake, akaenda kuongea na mchungaji.

Niliingia jikoni. Shangazi Ardis, dada yake baba, alikuwa anaosha masufuria.

"Amekuuliza?"

"Ameniuliza."

"Ukasema hapana?"

"Nikasema hapana."

"Vizuri, mwanangu. Halafu?"

"Halafu akasema sawa."

Sufuria likamponyoka. "Mara moja tu? Huyo mama kalelewa na nani?"

Kwetu hata kikombe cha kahawa hukipokei mara ya kwanza.

"Shangazi, nimpigie nimwambie naitaka?"

Akaniangalia kama nimesema nataka kwenda ibadani na nguo ya kulalia. "Umpigie? Umtie aibu mgeni wa watu? Tutamwalika chakula. Akishiba atauliza tena."

Wiki hiyo nililia ndani ya trekta, ambako hakuna anayesikia. Nikamuwaza huyo atakayepewa nafasi yangu. Nikamjengea na sura: msichana wa Iowa, jimbo la jirani, mwenye miwani, mama yake anaumwa. Mwishowe nikaanza kumwombea afaulu.

Ndivyo nilivyo.

Jumapili mchana profesa akaja. Shangazi alikuwa ameoka viazi na nyama ya kusaga, chombo kizima cha kutosha harusi.

"Ongeza, Profesa."

"Asante, nimeshiba."

"Kidogo tu."

"Kweli kabisa, nimeshiba."

"Basi onja haka ka pembeni kalikoungua." Akapakua.

Profesa akaweka uma chini. "Samahani, naomba kuelewa. Nimesema hapana mara mbili. Mbona sahani yangu imejaa?"

Baba ni mtu ambaye maneno yake ya wiki nzima yanaenea kwenye kiberiti. Akapangusa mdomo.

"Hapana ya kwanza ni adabu," akasema. "Ya pili ni kuangalia kama mwenye nyumba anamaanisha. Ya tatu ndiyo jibu."

Profesa akaacha kuwahi treni. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Na afisa wa fidia ya ukame," akauliza polepole, "yeye alikuuliza mara ngapi?"

"Mara moja. Kwa simu. Nikamwambia wapo wenye shida kuliko mimi."

"Mahindi yako mwaka ule yalikuwaje?"

"Yalikufa."

"Yote?"

"Yote. Lakini kijana alikuwa mstaarabu. Alisema sawa, siku njema."

Profesa akajishika kichwa. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Kisha akanigeukia mimi.

"Signe. Ile siku kanisani..."

Nikaangalia viazi vyangu. Shangazi akanifinya chini ya meza.

"Unaitaka ile nafasi?"

Mara ya pili! "Hapana, Profesa, usisumbuke, mpe tu yule mwingine." Mdomo ulikimbia wenyewe. Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mambo yalikuwa yanakwenda kama inavyotakiwa.

Lakini ya tatu haikuja.

"Yule yupi?" profesa akauliza. "Hakuna mwingine. Niliwauliza watu sita, wote wa huku, wote watoto wa wakulima. Kila mmoja aliniambia wapo wanaostahili zaidi. Nikaona basi, utafiti wangu ni wa hovyo, hakuna anayeutaka. Leo nimekuja kuwaaga. Kesho naifuta nafasi."



Yule msichana wa Iowa, niliyekuwa namwombea kila usiku, hakuwahi kuzaliwa.

Shangazi alimkazia macho profesa, akimsubiri aulize. Baba aliitazama chumvi. Profesa alinitazama mimi, na hapo ndipo nilipoona jinsi alivyochoka. Mtu aliyeambiwa hapana sita, saba na hii yangu ya leo, nami nakaa pale nangoja aombe tena, kwa ajili ya adabu yangu.

Nikamwonea huruma. Kwa kweli ndiyo iliyoniponya.

"Naitaka," nikasema.

Ilitoka ndogo. Nikarudia. "Naitaka sana. Niliitaka tangu ile siku."

Shangazi akavuta pumzi kama nimetukana mezani.

"Basi ni yako," profesa akasema, akatafuta kitambaa cha kujifutia macho.

Baba akasimama, akavaa kofia, akatoka nje bila neno.

"Nimemuudhi?" profesa akanong'ona.

Nikachungulia dirishani. Alikuwa amefungua boneti ya gari langu, anapima oili. Kutoka kwetu hadi chuoni ni mwendo mrefu.

"Hapana," nikamwambia. "Huyo amefurahi mpaka basi."

Sasa niko mwaka wa pili. Utafiti wangu ni kukaa kwenye majiko ya wakulima, kunywa kahawa, na kuwauliza mara tatu kama wanataka fidia yao. Wengi wanakubali ya tatu. Baba peke yake ndiye aliyehitaji ya nne.

Shangazi Ardis yeye anawaambia watu kanisani kwamba profesa alinibembeleza mpaka akalia. Nimemwacha. Heshima ya ukoo nayo inataka kulindwa.

Funzo langu ni hili: ukitaka kumpisha anayestahili zaidi, hakikisha kwanza kwamba yupo. Sisi kwetu nusura kiti kiondolewe, wote tumesimama, tunapishana.