Maeneo Husika Ndiyo Wapi?

Miaka ile simba walipokuwa wakila watu, kwenye mkutano wa kijiji kimoja cha Ruangwa, ofisa alitusomea: "Wananchi mnaaswa kuchukua tahadhari stahiki kufuatia uwepo wa mnyama mkali katika maeneo husika." Tukapiga makofi. Mimi, niliyewahi kumfukuza chui kwa mwiko, nilipiga kuliko wote.

Mama mmoja akanyoosha mkono. "Baba, maeneo husika ndiyo wapi?"

Ofisa akakunja karatasi. "Bondeni, kwenye mpunga. Ni simba, mama."

"Mume wangu yuko huko."

Tulishuka na mapanga, mimi nyuma ya wote. Tukamkuta mumewe njiani, mzima, kapanua kiganja: "Mbwa wa nani kapita kule, ana nyayo kubwa hivi?"

Ofisa alijitetea kuwa ndivyo alivyoandikiwa. Sawa, lakini simba hangojei sentensi ifike mwisho.