Paka Mgongoni mwa Mama

Mdogo wangu alimleta yule paka ndani ya kikapu cha sokoni, amefunikwa taulo. Alikuwa dereva wa familia moja ya wafanyabiashara, na wiki ile familia ilikuwa imeteremka Kamanyola ili ivuke kwenda Burundi kabla vita haijafika mjini. Gari lilijaa watu na mizigo. Paka hakupata nafasi.

"Yaya, ni ya siku kidogo tu," aliniambia mimi mkubwa wake. "Benyewe batakuja kumukamata."

Nilipofunua taulo nilirudi nyuma. Hakuwa na unyoya hata mmoja. Ngozi yake ilikuwa nyekundunyekundu, yenye mikunjo mikunjo kama ya mtoto aliyetoka tumboni saa ile. Nilidhani ana ukurutu. Mdogo wangu akasema hapana, ndivyo wanavyozaliwa, na akanieleza alivyoona wakimtunza: aogeshwe kila wiki kwa maji ya moto kidogo, kwa sababu ngozi yake hutoa mafuta, asafishwe masikio, asikae juani akaungua, wala kwenye baridi.

Baridi ndiyo iliyonitia wasiwasi. Kwetu Kasha, mvua ikinyesha asubuhi, hata mtu mwenye koti hutetemeka. Mimi ni fundi wa cherehani. Nilikata mkono wa sweta kuukuu, nikatoboa matundu ya miguu, nikamvika. Usiku nilimlaza karibu na mbabula, nikichunga asijichome kwenye makaa. Alikula sambaza, dagaa wa ziwani kwetu, akanya vibaya, akaacha alama za mafuta kila alipolala. Sikumpenda. Nilimtunza kama mtu anavyotunza kitu cha wenyewe.

Mama ndiye aliyempenda.

Wakati huo mama alikuwa amekwisha kupotewa na akili kwa uzee. Siku nyingine aliniita mama yake, siku nyingine alinifukuza kama mwizi. Alikuwa akikataa chakula, anakishikilia mdomoni mpaka nakitoa kwa kidole. Asubuhi moja paka alimrukia mapajani kutafuta joto. Nilikimbia kumtoa. Mama akamfunika kwa mikono miwili, akamnusa utosini.

"Bamemurudisha," alisema.

"Nani, mama?"

"Mutoto wangu. Ona, angali na ile ngozi yake."

Kuanzia siku hiyo alimfunga mgongoni kwa kikwembe, na paka, ambaye hakutaka kitu duniani ila joto, alitulia humo akikoroma. Mama akaanza kula, kwa sababu mwenye kunyonyesha lazima ale. Mara mbili nilimkuta amefungua kifua, anamlazimisha paka ziwa lililokauka. Niligeuza uso. Nilijua majina ya watoto wote wa mama, wazima na wafu, na sikumjua huyu aliyerudishwa.

Majirani waliona. Mwanamke mmoja aliyekuwa ananiletea nguo zake zote alisimama mlangoni, akamtazama mama, akasema bila kuingia, "Ule haiko paka. Mama yako anabeba shetani mugongoni." Alichukua kitambaa chake kikiwa hakijakatwa, akaondoka. Wengine nao wakaacha kuja.

Mdogo wangu aliogopa. Wenye paka walikuwa hawapokei simu tena. "Nitamupeleka mbali, nimuache huko," alisema.

"Na mama nitamulisha na nini?" nilimjibu. Paka akabaki.

Msimu wa mvua ulipokolea, nilikwenda soko la Kadutu kutafuta uzi. Niliporudi nilimkuta mama uani, chini ya mfereji wa bati, ameinama juu ya beseni. Anamwogesha mtoto. Mikono yake, iliyokuwa imesahau hata kijiko, ilikuwa inajua kila kitu: kiganja chini ya shingo, kidole gumba nyuma ya sikio. Lakini maji yalikuwa ya mvua, baridi kama jiwe, na sijui walikuwa humo tangu saa ngapi. Paka hakuwa anapigana tena.

Nilimkausha, nikamfunga kwenye blanketi, nikawasha makaa yote niliyokuwa nayo. Akaanza kukohoa, kikohozi kidogo kama cha mtu anayeficha. Mganga wa mifugo niliyempata anatibu ng'ombe na nguruwe. Alimshika paka, akamrudisha haraka, akasema hajui dozi ya kitu kama hicho. Baada ya siku chache, jioni, paka alikufa mgongoni mwa mama. Mama alijua kabla yangu. Alifungua kikwembe polepole, akamweka chini, akapiga yowe.

Kwetu yowe la namna ile ni la msiba tu. Majirani wakatoka mbio, wengine na ufagio mkononi. "Nani amekufa?" Mama akawaonyesha. Baadhi walitema mate, wakarudi zao. Mmoja alicheka. Nilisimama pale nisijue nimfunike yupi, paka au mama.

Bibi mmoja wa mtaa wa juu, aliyeolewa huko kijijini Luhwindja wakati mmoja na mama, ndiye aliyeingia. Alikaa chini kwenye saruji, akamshika mama bega.

"Pole, mama," alisema. "Lia. Ile siku balikukataza."

Kisha akanigeukia, akanieleza. Mama alikuwa amezaa kabla yangu, mtoto wa miezi isiyotimia, akaishi siku moja bila ubatizo. Wazee walimzika migombani na wakamkataza mama kulia, wakisema akilia atafunga tumbo, hatazaa tena. Bibi alikuwepo, naye alinyamaza.

Mama alilia mpaka sauti ikakatika. Mdogo wangu akachimba shimo nyuma ya jiko. Hatukumwambia mama, wala sitamwambia mtu, kwamba ni maji yake yaliyomuua paka.

Kesho yake nilikuwa nimetayarisha la kumjibu atakapouliza mtoto yuko wapi. Hakuuliza. Alikunywa uji nusu kikombe, akageukia ukuta, na siku zilizofuata kikombe kikawa robo, kisha midomo ikafungwa. Padri alikuja kumpaka mafuta. Mvua ilikuwa bado inanyesha tulipomzika, na jeneza liliteleza mara moja kwenye tope kabla halijafika chini.